Mpanda Mitende na Zamu ya Maji

Mama Shadlia alikuwa na desturi moja ambayo mtaa mzima uliijua. Kila mwanawe Lazhar alipofika kileleni mwa mtende, yeye alipiga kigelegele. Alipiga asubuhi, alipiga mchana. Sisi majirani tukikisikia tulisema, "Haya, Lazhar amefika juu," kisha tukaendelea na kazi zetu.

Mimi ni jirani yao. Ukuta wa ua wangu na wao ni mmoja, na ukuta wa udongo hauzuii maneno. Kwa hiyo haya ninayowasimulia sikuyaokota njiani.

Sisi watu wa Jerid, kwenye jangwa la kusini mwa Tunisia, tunaishi kwa mitende. Mtende una dume na una jike. Maua yakichipua, mpandaji huchukua ua la dume, akapanda mtende jike, akalichomeka ndani ya ua lake na kulifunga. Asipofanya hivyo, mwaka huo hakuna tende. Lazhar alikuwa mpandaji bora kuliko wote hapa kwetu. Alipanda pekupeku, bila kamba, mundu ukiwa kiunoni. Mdogo wake, Beshir, alimfuata nyuma na kujaribu kumwiga.

Siku moja ya majira hayo ya maua, Lazhar alikuwa anashuka kutoka mtende mrefu kuliko yote shambani. Mtende huo marehemu baba yao, Tijani, ndiye aliyeuotesha. Alikuwa karibu kufika chini. Ghafla kishina cha kuti kilichooza kikang'oka chini ya mguu wake. Akaanguka chali, na kisogo kikagonga ukingo wa mfereji wa maji.

Beshir akamkimbilia. "Kaka! Vipi, umeumia?"

"Sijaumia," akasema Lazhar. Akaketi, akajipangusa udongo. "Beshir, tumeshakula?"

"Tumekula, kaka. Mkate na mayai."

"Ahaa." Akajipangusa tena. "Beshir, tumeshakula?"

Beshir akacheka. Alidhani kaka yake anamtania.

Sasa sikilizeni kosa letu, maana ni letu sote. Kwetu watu husema kwamba mtu akianguka mtendeni, lazima apande mtende uleule kabla jua halijazama. Asipopanda, hofu itataga mayai kifuani mwake, na hatakuwa mpandaji tena. Babu zetu walisema hivyo, na sisi tukasema hivyo. Wanaume waliokuwa mashamba ya jirani wakaja mbio. Hakuna aliyeuliza habari ya kichwa. Wote waliuliza habari ya mtende.

"Panda, Lazhar! Panda, hofu isitage!"

Lazhar akapanda. Alipofika nusu ya mtende, dunia ikaanza kumzunguka. Akaukumbatia mti kwa mikono miwili, akafumba macho. Akashuka taratibu mno, hatua kwa hatua. Alipokanyaga ardhi akatapika. Akatapika tena. Hapo ndipo akili zilipowarudia wale wanaume, wakampakia kwenye gari la jirani na kumpeleka hospitali ya mjini.

Daktari alimpima na kumpiga picha ya kichwa. Akasema hakuna damu iliyovuja ndani wala mfupa uliovunjika. Ubongo umetikiswa. Aende nyumbani, apumzike, na arudi baada ya muda aangaliwe.

Neno la kurudi kuangaliwa lilisahaulika njiani. Neno la kupumzika likafika nyumbani, na kila mtu akalifasiri alivyotaka.

Mama Shadlia alilifasiri kwa njia yake. Alimtandikia mwanawe godoro katika chumba cha kuhifadhia tende, chumba kisicho na dirisha. Akamfunga kichwa kwa kitambaa, akakaza na kukaza tena ili ubongo urudi mahali pake. Akaziba mlango kwa blanketi. Wiki ikapita, kisha nyingine, kisha nyingine. Lazhar alilala mchana na kukesha usiku. Alipokosa usingizi aliwasha simu, akatazama video hadi macho yakamwasha. Kichwa kilimuuma. Alimeza vidonge vya maumivu asubuhi na jioni, kama mtu anayetafuna karanga.

Beshir naye alilifasiri kwa njia yake. "Hakuna jeraha, hakuna damu, picha safi," alisema. "Sasa mgonjwa yuko wapi? Kaka, umekuwa bibi harusi wa kufichwa ndani?"

Aliyebeba mzigo wote ni Monjia, mke wa Lazhar. Huyu mwanamke namvulia kilemba, ijapokuwa sivai kilemba. Alimaliza kazi ya mashamba pamoja na Beshir, akapika, akafua, tena akavumilia mume aliyebadilika. Lazhar tuliyemjua alikuwa mtu wa mzaha. Huyu wa sasa alikasirika mlango ukigongwa. Mwangaza wa uwanda wa chumvi ulioko jangwani ulimchoma macho. Mlio wa pampu ya maji ulimfanya azibe masikio. Alitia chumvi kwenye chai. Siku moja alimwita punda kwa jina la mkewe, kisha akamwita mkewe kwa jina la punda.

"Kama ni kwa sababu ya kazi ninazofanya," Monjia aliniambia, "hajakosea sana."

Tulicheka. Lakini niliona macho yake, na macho hayakucheka.

Hofu ya Monjia nilikuwa naijua, maana alinieleza. Lazhar alikuwa ameapa kwamba siku ya mavuno atapanda mtende wa baba yake. Potelea mbali, kichwa kiume kisiume. "Atapanda," alisema Monjia, "na dunia itamzunguka tena akiwa juu kule. Safari hii hataanguka akiwa karibu na ardhi, dada yangu. Ataanguka kutoka kileleni."

Asubuhi moja nilisikia kishindo, halafu kelele. Monjia alikuwa ameangusha kijiko. Kijiko tu! Lazhar akampigia ukelele, hata kuku wangu wakatawanyika. Kisha nikasikia mwanamume mzima analia.

Sikuvumilia. Nikajifunga mtandio, nikaenda kumwita Sabiha.

Sabiha ni muuguzi wa zahanati yetu. Ni binti wa hapahapa, na nyumba yao iko nyuma ya tanuri la mkate. Alikuja na mfuko wake, akabisha hodi kwa sauti ya chini.

"Asalamu aleikum, Mama Shadlia. Nimekuja kumwona mgonjwa wako."

"Karibu, mwanangu. Lakini usifungue mlango sana. Mwanga utamwua."

"Hautamwua, mama. Nitafungua kidogo tu."

Tukaingia. Lazhar alikuwa ameketi ukutani, kichwa kimefungwa kama mzigo wa nguo. Amepauka, amekonda. Sabiha akaketi chini mbele yake, akamshika mkono.

"Kaka Lazhar, niambie mwenyewe. Unasikiaje?"

"Nasikia mimi si mimi," akasema Lazhar. "Kichwa kinauma. Nikisimama naona kizunguzungu. Mtu akiniambia neno, linapotea kabla hajamaliza. Nakasirika bure. Beshir anasema najifanya. Saa nyingine najiuliza, labda kweli najifanya?"

"Hujifanyi."

Neno hilo moja lilimfanya Lazhar ainue uso.

Sabiha akamgeukia Mama Shadlia. "Mama, ukichukua yai ukalitikisa kwa nguvu, ganda litavunjika?"

"Halivunjiki."

"Na kiini cha ndani?"

"Kiini kitavurugika."

"Basi ndivyo ilivyokuwa. Fuvu la mwanao ni zima, na ubongo ndio uliotikisika ndani. Jeraha la namna hiyo halina damu wala kovu la kumwonyesha Beshir. Lakini ni jeraha. Wengi hupona baada ya siku au wiki chache. Wengine dalili hukaa kwa miezi. Kuumwa kichwa, kizunguzungu, kusahau, kukosa usingizi, kuchukia mwanga na kelele, hasira, machozi, vyote hivyo ni dalili. Si jini, si uvivu, wala si tabia mbaya."

"Na kitambaa hiki?" aliuliza Mama Shadlia. "Mama yangu alinifunga, na bibi yangu alimfunga yeye."

"Kitambaa chako kina upendo mwingi, mama yangu. Lakini fuvu liko katikati. Hakiwezi kuufikia ubongo. Kikikazwa hivi kinamwongezea maumivu."

Mama Shadlia akanuna kidogo. Halafu, mwenyewe, kwa mikono yake, akakifungua kile kitambaa. Lazhar akashusha pumzi ndefu. Mimi nilimpenda yule mama siku hiyo. Si rahisi mtu wa umri wake kufungua fundo alilofunga mwenyewe, tena mbele ya binti aliyemwona akitambaa.

"Sasa hiki chumba," akaendelea Sabiha. "Siku ya kwanza na ya pili kupumzika hivi kulifaa. Lakini wiki kwa wiki gizani? Mwili umelegea, usingizi umegeuka, na moyo umeingia giza pamoja na macho. Ubongo unataka kuzoezwa tena, polepole."

Lazhar akachangamka. "Ndiyo! Nilijua. Kesho naenda kupanda."

"Hapana!" Sabiha na Monjia walisema kwa pamoja.

"Nyinyi mnataka nini? Nikilala, nakosea. Nikipanda, nakosea!"

Sabiha akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Kaka Lazhar, zamu yenu ya maji shambani ni lini?"

Lazhar akamshangaa. Mambo mengi yalikuwa yamempotea, lakini si zamu ya maji. Kwetu mtu anaweza kusahau jina la mkwe wake, asisahau zamu ya maji. "Keshokutwa, baada ya alfajiri," akajibu papo hapo.

"Maji yenu ni mengi?"

"Siku hizi? Machache."

"Sasa, ukiyaelekeza yote kwenye kipande kimoja, ukaacha mfereji wazi, nini kitatokea?"

"Kipande kimoja kitakuwa tope, na vingine vitakauka. Mtoto mdogo analijua hilo."

"Na ukiyafungia yote, usimwagilie kabisa?"

"Vyote vitakauka."

"Basi kichwa chako kiko hivyo. Nguvu za ubongo wako kwa sasa ni zamu ndogo ya maji. Mama alifunga mfereji kabisa. Wewe unataka kuufungua wote kwa siku moja. Fanya kama mwenye shamba mwenye akili. Fungua kidogo. Mwagilia hapa, funga. Pumzika. Fungua pale, funga. Dalili zikianza kupanda, ujue maji yanapungua. Usingoje yaishe. Funga mfereji."

Kisha, mara ya kwanza tangu aanguke, nikamwona Lazhar anatabasamu. "Na maji yataongezeka?"

"Yataongezeka. Polepole, na si kila siku sawasawa. Kuna siku utaona yamepungua tena. Usiogope. Siku mbaya moja si kurudi mwanzo."

Sabiha hakuishia kwenye maneno mazuri. Alimwambia Monjia mambo ya kuangalia. Maumivu yakizidi kila saa, au Lazhar akitapika tena na tena, akiwa na usingizi usioamshika, akipata degedege, mkono au mguu ukilegea, au maneno yakimtatiza mdomoni, basi si kumngoja muuguzi. Ni hospitali, saa ileile. Kuhusu vidonge alisema, "Vikizidi, vyenyewe huleta maumivu ya kichwa. Usimeze kila siku bila daktari kujua." Kuhusu simu alisema iwekwe nje ya chumba cha kulala. Na kuhusu kupanda, alisema hivi:

"Ubongo ambao haujapona ukigongwa tena, jambo dogo huwa kubwa sana. Hupandi mtende, hupandi ngazi, huendeshi pikipiki, mpaka dalili ziishe na daktari akuruhusu. Na kwa daktari unarudi wiki hii. Aliwaambia mrudi. Kwa nini hamkurudi?"

Tukatazamana.

Wakarudi kwa daktari. Aliridhika na maneno ya Sabiha, akampunguzia vidonge, na akampa mazoezi mepesi ya macho na ya kusimama bila kuyumba.

Sasa nitawaambia kwa nini namheshimu Lazhar. Watu humsifu kwa kupanda. Mimi namsifu kwa ile miezi ya chini.

Asubuhi alivaa kofia ya ukili yenye ukingo mpana, akatembea mpaka kona ya ukuta wangu na kurudi. Hiyo tu. Siku zilizofuata alifika tanurini. Baadaye alifika mwanzo wa mashamba, akakaa kivulini, akarudi. Mpandaji bora wa Jerid, anatembea kama mzee aliyetoka kufanyiwa upasuaji! Watu walimtazama. Yeye alitazama mbele.

Monjia alipigilia msumari karibu na mlango. Mundu ukakaa hapo. Kofia hapo, ufunguo hapo. "Kichwa kisikumbuke kitu ambacho msumari unaweza kukumbuka," alisema. Kazi zilifanywa moja moja. Akichambua tende, hasikilizi redio. Akiongea na mtu, haongei na wawili. Alilala saa ileile na kuamka saa ileile. Hasira zikimjia, aliinua kiganja na kusema, "Nafunga mfereji," kisha akatoka nje mpaka zipoe. Mwanzoni watoto wa mtaani walimcheka kwa maneno hayo. Baadaye nikamsikia mume wangu akiyatumia, lakini yeye aliyatumia kukwepa kuosha vyombo.

Mama Shadlia naye alijitahidi. Aliacha vigelegele. Harusi zote za kiangazi zilipita, na yeye ameuziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Si jambo dogo hilo, kwa anayemjua.

Kwenye harusi ya binamu yao Lazhar alikwenda, akasalimia, akala kuskusi, na ngoma zilipoanza akaaga. Beshir akamkimbilia mlangoni.

"Kaka, unanitia aibu. Watu wanauliza, huyu ndiye Lazhar au kivuli chake?"

"Waambie ni kivuli," akasema Lazhar. "Mwenyewe amekwenda kulala."

"Na mtende wa baba? Baba angekuwa hai angesema nini?"

Hapo Lazhar alisita. Neno hilo lilimwingia. "Nitaupanda," akasema polepole. "Siku yangu ikifika."

Maji yakaongezeka. Kizunguzungu kilikuwa cha kwanza kuondoka. Pampu ikaacha kumtesa. Utani ukarudi, na nilijua umerudi siku aliponiita juu ya ukuta akaniuliza kama kuku wangu wanataga au wanakula tu bure. Maumivu ya kichwa yalichelewa, lakini nayo yakawa ya siku mojamoja, kisha yakaisha. Mavuno yalipokaribia, daktari alimruhusu kufanya kazi ya chini, na mitende mifupi baadaye. "Mrefu tutaona," alisema.

Mavuno ya kwetu ni hivi. Wanaume hupanda mtende mmoja, wakasimama mmoja juu ya mwenzake, kuanzia chini mpaka kileleni. Wa juu hukata shada la tende, akampa wa chini yake, naye akampa wa chini yake, mkono kwa mkono, tende zisimwagike. Wa mwisho husimama ardhini, akalilaza kwenye mkeka. Mahali hapo pa chini ni pa wazee na wageni. Mwaka huo pakawa pa Lazhar.

"Umepandishwa cheo, kaka!" Beshir alipiga kelele kutoka kileleni. "Bwana mkeka!"

Watu wakacheka. Lazhar naye akacheka, akalipokea shada, akalilaza.

Siku moja jioni, kazi ikiwa imekwisha, Beshir alishuka kwa mbwembwe. Alikuwa anaimba. Mguu ukateleza. Hakuwa juu sana, kama kaka yake siku ile. Akaanguka, na kichwa kikagonga ardhi ngumu kando ya mkeka.

Akaruka juu mara moja, akicheka. "Sijaumia! Sijaumia! Jamani, mundu wangu uko wapi?"

"Uko mkononi mwako," akasema mmoja.

"Ahaa." Akautazama. "Jamani, mundu wangu uko wapi?"

Wenzake wakaangua kicheko. Lazhar hakucheka. Nilikuwepo, nimeleta chai, na nilimwona uso ukimbadilika.

Wanaume wakaanza. "Apande! Jua linazama! Apande kabla hofu haijataga!"

Beshir akaushika mtende. Lazhar akatupa mkeka, akapita katikati yao, akaegemeza mgongo wake kwenye mti, mikono ameipanua.

"Hapandi mtu hapa."

"Kaka, nipishe. Niko mzima."

"Na mimi nilikuwa mzima. Nilikuuliza mara mbili kama tumekula. Unakumbuka? Ulicheka."

Beshir akauachia mtende.

"Lazhar, ondoka," akasema jirani mmoja, mtu mzima mwenye mashamba makubwa. "Ni desturi. Hofu itataga kifuani mwake."

"Itage!" akasema Lazhar. "Mayai ya hofu tutayakaanga tule na mkate. Ubongo wake ukiharibika, wewe unao wa akiba umpe?"

Hakuna aliyekuwa nao. Jua likazama hivihivi, tukilitazama, na Beshir yuko ardhini. Mbingu hazikuanguka.

Lazhar akamketisha, akamvisha ile kofia yake ya ukili, akamwita Sabiha. Beshir akapelekwa hospitali jioni ileile, akapimwa. Alikuwa salama. Safari hii neno la kurudi halikupotea njiani, na neno la kupumzika lilifasiriwa sawasawa. Siku chache za utulivu, kisha kutembea kidogo, kisha zaidi kidogo. Hakufungwa kitambaa wala hakufichwa gizani. Kabla mavuno hayajaisha, kichwa chake kilikuwa kimetulia. Na ulimi wake pia, kwa kiasi.

Mtende wa mzee Tijani uliachwa wa mwisho. Daktari alikuwa amempima Lazhar tena, akampa ruhusa, ila alisema apande kwa kamba na asizidishe. Tukaenda wote kutazama. Monjia alisimama karibu nami, vidole vyake vimenikamata mkono hadi vikaniumiza. Nilimwacha.

Lazhar alijifunga kamba kiunoni. Wengine waliona haya kumtazama na kamba. Yeye hakuona haya. Akapanda. Wenzake walikuwa wamejipanga kwenye mti, na alipowapita walimpa nafasi. Alipofika juu alikaa kidogo, akashika makuti, akavuta pumzi. Sote tulimtazama Mama Shadlia. Tulingoja kigelegele. Mama Shadlia alikuwa ameuma mtandio wake, kimya.

Shada la kwanza likakatwa. Likashuka mkono kwa mkono, zito, tende zinang'aa. Chini kabisa, mahali pa wazee na wageni, alisimama Beshir. Akalipokea kwa mikono miwili, akalilaza kwenye mkeka polepole.

Shada la pili likashuka, na la tatu. Mashada mengine yalikuwa bado yananing'inia pale juu. Ndipo tukasikia sauti ya Lazhar.

"Beshir!"

"Naam, kaka!"

"Nafunga mfereji!"

Hapakuwa na aliyecheka. "Funga, kaka!" Beshir akaitikia. "Shuka taratibu!"

Lazhar wa zamani asingeshuka mtende wa baba yake ukiwa bado na shada hata moja. Huyu alishuka. Akampisha mwenzake wa chini yake aende kumalizia, akafuata vishina kimoja kimoja, akikijaribu kila kimoja kwa vidole vya mguu. Kupanda kwake tulikuwa tumekuzoea miaka yote. Kushuka kwake tulikuwa hatujawahi kukutazama.

Miguu yake ilipokanyaga ardhi, Mama Shadlia aliutoa mtandio mdomoni, akapiga kigelegele kilichokuwa kimemkaa kifuani tangu majira ya maua.